Mguu wa Kulia wa Kocha

Fundi cherehani alipima mguu wa kushoto wa kocha, akaandika, kisha akahamia wa kulia. Huyu alikuwa mteja wake tangu enzi za kucheza, kabla hajawa kocha wa timu ya taifa. Mguu wa kushoto ulikuwa wa mtu wa miaka hamsini na nane: umekonda, mishipa imesimama, goti linalia kila likikunjwa. Wa kulia ulikuwa wa kijana wa miaka ishirini na tatu. Ngozi laini, vinyweleo vyeusi, na paja limejaa mpaka suruali inabana.

"Huu wa kijana nauachia nafasi kidogo," alisema fundi, pini mdomoni. "Huu wa mzee tunapunguza tena."

"Punguza," kocha alisema. "Ila wahi, mechi ni Jumamosi."

Hakuna aliyeushangaa mguu ule. Mtaa mzima ulikuwa umeuzoea, kama watu wanavyomzoea jirani mwenye mbwa mkali. Mkewe aliwatania wageni: "Mimi nimeolewa na wanaume wawili, mmoja mzee, mmoja kijana. Na huyo kijana, jamani, ndiye mkorofi!" Na kweli ulikuwa mkorofi. Wimbo wa taifa ukipigwa redioni, mguu ulisimama wenyewe, naye kocha akalazimika kusimama nao, hata kama alikuwa mezani anakula. Akitembea, ulimtangulia na kumvuta upande, kwa hiyo alitembea akishikashika kuta. Wakati wa mechi ulimvusha mstari ukitaka kuingia kucheza, na mwamuzi wa akiba alikuwa na kazi ya kumrudisha. "Mzee, mguu wako," angesema. "Samahani," kocha angejibu, akarudi nyuma.

Wageni wakishaondoka, mkewe hakutania tena. Mguu ule haukuhisi kitu, si mkono, si moto. Siku moja aliukuta umeegemea jiko la mkaa, ngozi inaungua, mumewe anasoma gazeti, hana habari. Siku hiyo mama wa watu alilia kuliko siku aliyofiwa na mama yake mzazi.

Mguu ulikuwa umebaki na umri ule ule uliokuwa nao siku ulipochomwa sindano ya ganzi. Kocha alikuwa mshambuliaji, mechi ilikuwa nusu fainali, na kifundo chake kilikuwa kimevimba kama boga. Siku zile kulikuwa na utaratibu, na upo mpaka leo. Daktari wa timu humwita mchezaji kwenye bafu la chumba cha kubadilishia nguo, humkalisha juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, kisha hufunga mlango. Mlango ukifungwa tu, wachezaji wengine huanza kuimba na kupiga makofi. Hakuna anayewaagiza. Huimba ili wasisikie, na ili wakiulizwa kesho waseme hawakusikia.

Siku ile kocha alitoka bafuni akiruka, akafunga mabao mawili, na nchi nzima ikamwagika barabarani kwa furaha. Ganzi haikutoka tena, wala mguu haukuzeeka hata siku moja. Uliendelea kucheza miaka na miaka, mpaka mwili uliobaki ukashindwa kuufuata. Akaagwa kwa hotuba, akapewa saa ya ukutani, akaenda kusomea ukocha.

Kazi hiyo aliipenda, na vijana wake aliwapenda. Aliyempenda kupita wote ni mshambuliaji mmoja mfupi, mwepesi wa hasira, waliyemwita Kiberiti. Mama yake, mjane muuza mitumba, ndiye aliyemleta kambini siku ya kwanza, begi la mwanawe kichwani, ingawa kijana mwenyewe alikuwa anaona haya mno.

"Baba, mimi mpira siujui," alimwambia kocha. "Ila ninaye huyu tu. Nakuomba unirudishie mzima, kama nilivyokuletea."

Kocha alimshika mkono, akamwahidi. Hakuwa akimpa maneno ya kumfurahisha, alimaanisha.

Siku mbili kabla ya mechi, Kiberiti alikanyagwa mazoezini, na kifundo chake cha kulia kikafura pale pale. Kocha alimwambia hachezi. Kabla hata hajavua filimbi shingoni, mwenyekiti wa shirikisho akamwita ofisini.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa tabasamu, hajawahi kumpandishia mtu sauti. "Kocha, mechi hii ni ya kufa na kupona," alisema. "Na daktari ananiambia ni sindano moja tu."

Kocha hakubishana. Alikunja suruali, akauinua mguu wa kulia, akauweka juu ya meza, kati ya simu na kikombe cha chai. Mwenyekiti alivaa miwani. Aliutazama juu mpaka chini, akabonyeza msuli kwa kidole, akaguna kwa kuvutiwa.

"Huu ndio mguu," alisema. "Ungekuwa nao wawili, Jumamosi ungeingia wewe."

"Hauhisi kitu, mwenyekiti. Tangu nusu fainali ile."

"Lakini si mzima?"

"Kwa kuutazama, ni mzima."

"Sasa, mzee wangu, tatizo liko wapi?"

Kocha aliushusha mguu, akaiteremsha na suruali. Akaaga, na mwenyekiti akamsindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote.

Siku ya mechi alimweka Kiberiti kwenye orodha ya akiba ili asivunjike moyo, huku akijiapiza kwamba hatamwingiza. Alikuwa ubaoni anawachorea vijana jinsi ya kukaba kona alipoona nafasi ya Kiberiti kwenye benchi iko tupu. Mlango wa bafu ulifungwa. Beki mmoja akaanza kupiga makofi, mwingine akadaka wimbo, na chumba kizima kikaitikia. Walikuwa vijana ambao hawakuwa hata wamezaliwa wakati wa nusu fainali ile.

"Nyamazeni!" kocha alifoka. Hawakunyamaza. Walitazama viatu vyao, wakazidisha sauti.

Akaelekea bafuni. Mguu wa kushoto ulipiga hatua. Wa kulia ulisita kidogo, kisha wimbo ulivyopamba moto ukageukia upande wa pili, kwenye ujia wa kutokea uwanjani. Aliukamata kwa mikono miwili, akauvuta. Ulikuwa na nguvu za ujana, naye hakuwa nazo. Ulimburuta mpaka mlangoni, akaanguka, akang'ang'ania kizingiti, akimwita daktari, akimtukana, akimsihi. Wachezaji walidhani ni presha ya mechi. Msaidizi wake alimletea maji ya kunywa.

Mlango wa bafu ulifunguliwa. Kiberiti akatoka akirukaruka, meno yote nje.

"Kocha, niko fiti! Hata siamini!"

Kocha alikitazama kifundo kile, akafunika uso kwa viganja. Kilimuuma kuliko kilivyowahi kumuuma cha kwake.

Mpaka zikabaki dakika chache, hakuna timu iliyokuwa imeona lango. Uwanja mzima ulikuwa unaimba jina la Kiberiti. Kwenye jukwaa kuu mwenyekiti aliinua mkono taratibu, kama mtu anayemwita mhudumu. Kocha alijiambia kwamba sindano imeshaingia na haitoki. Alijiambia kwamba kilichoharibika kimeshaharibika, basi bora kijana apate chake. Alijua fika kwamba anajidanganya.

"Ingia," alisema, na sauti yake ilitoka vizuri tu.

Kiberiti aliingia, akafunga. Nchi ikamwagika tena barabarani.

Asubuhi yake mama mtu alikuja hotelini ilipolala timu, amevaa nguo yake ya kutokea, sauti imemkauka kwa kushangilia. Alimkuta mwanawe kwenye kochi la mapokezi, mbele ya televisheni, kocha kando yake. Kocha alikuwa anamweleza polepole: maji ya kuoga ajaribu kwanza kwa mguu wa kushoto, kila jioni autazame unyayo, maana ukichomwa na msumari hautamwambia. Kiberiti aliitikia "ndiyo, kocha" kila mara, kama anaelekezwa namna ya kupiga kona. Daktari alikuwa ameshapita kuwajulisha kwamba atakuwepo kwenye mechi ya marudiano.

"Baba, ahsante," alisema mama. "Umenirudishia mzima."

"Ahsante, mama," kocha alisema, na hakuweza kumtazama.

Mama alipiga magoti, akamvua mwanawe kiatu cha kulia na soksi, aone palipofura. Hapakuwa na uvimbe. Akacheka kwa raha.

"Huyu, kocha, alipokuwa mtoto ukimtekenya hapa tu anacheka mpaka anajikojolea."

Akapitisha kidole katikati ya unyayo, toka kisiginoni mpaka vidoleni. Kiberiti alikuwa anatazama bao lake likirudiwa kwenye televisheni, na hakugeuka. Mama akapitisha tena kidole, pole pole, akiinua macho kumtazama usoni, na tabasamu lake likaanza kupotea.

Kocha alimgusa kijana begani, akamwonyesha chini kwa macho.

"Cheka," alimnong'oneza.

Kiberiti akatazama chini, akauona mkono wa mama yake, akacheka.