Kofia ya Lorenz

Mtu akipata shahada ya udaktari, sisi wa maabara humtengenezea kofia ya kadibodi na kuipachika vitu vya kumtania. Ya Lorenz niliitengeneza mimi, Wiebke, fundi wa maabara. Nani mwingine? Miaka minne nimemlishia seli zake za saratani, hata Krismasi, yeye yuko milimani anateleza kwenye theluji kwa skii. Zikikaa siku nne bila chakula zinakufa.

Mwezi huu ilitangazwa nafasi ya kusomea udaktari katika mradi mpya wa seli. Shahada ya pili ninayo, nikaomba. Profesa Hagedorn, mkuu wa maabara, akacheka. “Wiebke bibie, nikikupa wewe, seli atalisha nani?” Ijumaa akampa mpwa wa rafiki yake.

Leo, Alhamisi, Lorenz kavaa kofia, watu wanashangilia. Akaivua kuichambua.

“Skii zangu hizi! Na hiki kichupa kitupu, dada Wiebke?”

“Seli zako. Hazijala tangu Ijumaa.”

Profesa ndiye wa kwanza kuacha kucheka. “Na zile za mradi mpya?”

“Muulize uliyempa nafasi,” nikamwambia. “Si ndiye mtaalamu?”