Mwiba Yenye Nilionyesha Mama

Mimi natengeneza akala, viatu za tairi, hapa Kakuma, na miiba najua. Mtu akileta mguu nipime, naona yote yenye iko chini. Ndio maana mama hakuenda hospitali. Mwezi wa pili alinionyesha doa nyeusi kwa kisigino, akasema, "Ekidor, kuna mwiba imekaa. Toa."

Nikachukua kisu ya kukata tairi, nikachimba. Damu ilikuja, mwiba haikuja. Na majirani wamekaa hapo wanatazama, wananiita fundi. Nikachomoa mwiba kwa akala ya mteja mmoja, Mamer, nikainua juu. "Si hii hapa?"

Mama alifurahi. Aliambia kila mtu.

Sasa ni mwezi wa kumi. Tuko hospitali ya Lodwar, doa imekuwa kidonda yenye haikauki, na mama amefura tezi kwa kinena. Daktari ametoka mbali, Kiturkana hajui, kwa hivyo mimi natafsiri.

"Ejok," daktari akajaribu kumsalimia kwa Kiturkana.

Mama akacheka. "Mwambie anaongea kama mtoto."

Hiyo sikutafsiri.

"Ilianza aje?" daktari akauliza.

"Mwiba," mama akasema. "Lakini kijana wangu alitoa."

Hiyo nikatafsiri.

Daktari akaanza kuandika. "Kama ilitoka, pengine kidonda imeshika uchafu tu. Nitampa dawa, arudi baada ya mwezi. Nilikuwa naogopa kitu ingine."

"Kitu gani?"

"Saratani ya ngozi, inaitwa melanoma. Kwa sisi weusi inapenda chini ya mguu, hata huko jua haifiki. Mwili iko na jeni, zinaambia ngozi ikue saa gani, isimame saa gani. Zingine zikiharibika, breki imeisha. Inakua tu, halafu inatembea ndani ya mwili. Ingekuwa hiyo, ningekata kipande ipimwe, tujue ni jeni gani imeharibika. Kuna dawa zinachaguliwa kufuatana na jeni."

Bado anaandika.

"Daktari, hakukuwa na mwiba."

"Si umesema ulitoa?"

"Nilidanganya. Sikupata kitu."

Akaweka kalamu chini. Aliniangalia mpaka nikaangalia ukuta.

"Ni kisu yangu iliharibu hizo jeni?"

"Kama ni hiyo, zilikuwa zimeharibika kabla yako. Lakini miezi nane, kijana. Mama alikuwa akae hapa mbele yangu miezi nane iliyopita."

"Anasema nini?" mama akauliza. "Mbona unatoa jasho?"

Nikamwambia kwa Kiturkana. Saratani, jeni, kukata kipande ipimwe, miezi nane. Nikamwambia pia mwiba ilitoka kwa akala ya Mamer. Nilingoja matusi. Heri angetusi. Alivuta tu mguu wake, ulikuwa umelala kwa goti yangu tangu tuingie.

"Mwambie akate," akasema. "Na wewe usinishike mguu tena."

"Amesema nini?" daktari akauliza.

Nikatafsiri yote mbili.