Viti vya Shukrani Ngazini

Ilisemekana kwamba lile jengo la ghorofa ishirini na mbili pale Marina, Lagos, lilikuwa likiyumba. Muuza samaki wa Mushin ndiye aliyelileta neno hilo sokoni, naye alilitoa kwa shemeji yake: upepo ukivuma kutoka baharini, huko juu maji hucheza ndani ya gilasi. Iya Ronke, yaani Mama Ronke, alicheka, akachagua samaki wake, akaenda zake. Lakini neno halikumtoka. Akikaanga, linamzunguka, akilala, linamwamsha. Binti yake wa pekee, Ibironke, alikuwa karani ghorofa ya kumi na saba ya jengo hilohilo.

Siku ya tatu alishindwa kukaa. Alifunga moin-moin nne za kunde kwenye majani, aonekane amepeleka chakula, akaenda kumtoa mwanawe.

Mapokezini alimkuta fundi wa jengo, Effiong, mtu mnene mwenye funguo nyingi kiunoni.

"Mama, panga foleni ya lifti."

"Sikuja kupanda, nimekuja kumteremsha mwanangu. Jengo lenu linayumba."

"Linayumba, ndiyo. Limechorwa liyumbe. Jengo refu likikaza shingo, upepo utalivunja. Mwaka wa kumi na tisa niko hapa, na kuyumba hakujaninyima usingizi."

"Basi wewe ni mlalaji."

Walinzi waliangua kicheko. Effiong naye alicheka. "Kinachoninyima usingizi ni ngazi. Twende nikuonyeshe, ukirudi sokoni uwaambie na hilo."

Lifti iliwapandisha hadi ghorofa ya kumi na sita. Mlango wa ngazi za dharura ulikuwa wazi, umezuiwa na mtungi mwekundu wa kuzimia moto.

"Mlango huu ni mzito kwa makusudi, na hujifunga wenyewe," Effiong alisema. "Moto ukiwaka, moshi unabaki huko ofisini, watu wanashuka huku wakivuta hewa safi. Lakini watu wa ofisini wanasema kuna joto, upepo upite. Ghorofa zote hivihivi, mpaka chini kwenye jenereta."

Iya Ronke alikuwa haangalii mlango tena. Pale ngazi zinapokata kona, viti vya plastiki vyeupe vilipangwa safu mbili, vimemzidi kimo. Palibaki upenyo wa mtu mmoja, tena akipita ubavu.

"Na hivi?"

"Vya ushirika wa maombi ya saa saba. Walinyimwa ukumbi wa mikutano, wakahamia hapa. Nikivigusa, naambiwa napigana na Mungu."

Mgongoni mwa kila kiti palikuwa na rangi ya buluu: SHUKRANI KWA BWANA, KUTOKA KWA IYA RONKE. Alivitoa mwenyewe, viti thelathini, mwezi ule Ibironke alipopata kazi. Tena ndiye aliyemsisitizia bintiye visiwekwe mbali, vitaibwa. Moin-moin zilimwelemea mkononi. Alizitua sakafuni.

"Tuvishushe," alisema. "Sasa hivi."

"Sasa hivi, mama? Tuombe ruhusa ya katibu wao kwanza."

"Katibu nimemzaa mimi. Shika huko."

Walikuwa wameshusha viti sita umeme ulipokatika. Jenereta iliunguruma huko chini, na punde harufu ya dizeli ikapanda, kisha moshi mweusi, ukipita mlango mmoja hadi mwingine bila kuzuiwa. Mtu alipaza sauti kwamba kunaungua. Miguu ikaanza kumiminika kutoka juu gizani.

"Polepole, jamani, hapo kwenye kona kuna viti," sauti ya Ibironke ilisema, karibu kabisa. Yeye alijua vilipo. Waliomsukuma hawakujua. Safu ilianguka, naye akaanguka nayo, na watu wakajazana juu yake kama magunia.

Iya Ronke hakukumbuka goti lake bovu. Alivuta viti kimoja kimoja, akivirusha ofisini nyuma yake, mpaka akaushika mkono aliokuwa akiutafuta. Ulikuwa umevunjika.

"Mama? Unafanya nini huku?"

"Nimekuja kuchukua viti vyangu."

Haukuwa moto, ni jenereta tu. Hakufa mtu. Lakini kila upepo ukivuma kwake Mushin, yeye huamka na kuhesabu: ungekuwa moto, wangapi wangebaki nyuma ya jina lake? Jumatatu alirudi Marina na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, akaibandika kwenye mlango wa ngazi, nao ulikuwa umefungwa:

Usizuie mlango huu kwa mtungi, wala kwa jiwe, wala kwa kiatu.
Usiweke ngazini viti, makatoni wala ndoo, hata kama ni vya Mungu.
Usifanye ibada ngazini.
Usimsukume aliye mbele yako.
Usimpe mwanao zawadi ya kazini kabla hujaona itawekwa wapi.