Makasi ya Daktari Cephas

Nitasema, maana kazi ameshanifuta. Daktari Cephas hana haya.

Miaka kumi na miwili mtu huyu amezunguka redioni na kwenye mikutano akililia fuvu la babu yake, lililobebwa na wakoloni likafungiwa kabatini huko Ulaya. Mimi Risper, karani wa makumbusho yake madogo hapa Homa Bay, ndiye niliyechapa barua zake zote. Nilizichapa machozi yakinitoka. Kaka yangu alizama ziwani karibu na kisiwa cha Mfangano na mwili haukuonekana, tukazika tunda refu la mti wa yago badala yake, jinsi desturi yetu inavyotaka. Tulililia tunda kama mtu. Kwa hivyo najua uchungu wa kaburi lisilo na mwenyewe.

Sasa sikilizeni alichofanya.

Injinia mmoja mzungu, aliyechimba dhahabu Peru kabla ya kuja kuchimba Migori, alikufa zamani akaacha sanduku. Mwaka jana wajukuu wa mlinzi wake wakatuletea. Ndani mlikuwa na mtu. Mwanamke wa milima ya Andes, Daktari alisema, wa kabla Wahispania hawajafika. Alikuwa amekalishwa, magoti kifuani, amezungushiwa nguo za sufu tabaka juu ya tabaka, na nje amefungwa kamba. Waliomvisha walimwekea mahindi na kijiti cha kusokotea uzi, asikose kazi huko aendako.

"Tuandikie ubalozi wao," nikamwambia. "Arudishwe kwao."

"Risper, wacha mambo yako. Jumamosi tunamfungua uso mbele ya wageni."

Akanieleza kama mtoto wa darasa la pili. Watu wa kule hawakuwaficha wafu wao. Siku za sherehe waliwatoa nje, wakawaketisha uwanjani, wakawapa pombe ya mahindi na kuwauliza ushauri. "Kwa hivyo kuonyeshwa ni mila yake," akasema.

"Waliowabeba ni watoto wao, Daktari. Na sherehe ikiisha waliwarudisha mahali pao."

"Wewe umejuaje kama huyu ana jamaa? Ni miaka mia sita."

Hilo ndilo jibu yeye mwenyewe alilopewa na Ulaya: lete kwanza ushahidi wa ukoo. Siku alipopewa jibu hilo alitukana mpaka sauti ikamkauka. Nikamkumbusha. Akaniambia nichunge kibarua changu.

Jumamosi viti vilijaa. Mamake Daktari, Mama Adhiambo, alikaa safu ya mbele na kitambaa chake cha kanisani. Daktari akanipa makasi. Nikayaweka mezani, nikasema watu wote wakisikia, "Huyu angekuwa babu yako, ungekata?"

Watu wakaguna. Yeye akacheka kidogo, akayachukua makasi, akakata kamba mwenyewe.

Nguo zikalegea. Hatukuuona hata uso. Tuliona mkono mkavu umeshika kishungi cha nywele, fupi na laini, nywele za mtoto. Kuna mtoto alikatwa nywele siku ya mazishi ili mamake asiende mikono mitupu.

Mama Adhiambo akasimama. Hakupaza sauti. "Cephas, huyu ni mama wa mtu. Mfunge."

Akajaribu. Akivuta huku, nguo zinaporomoka kule. Akanitazama mimi, mimi aliyekuwa ananifokea wiki nzima. Kwetu tumelelewa kwenye nyavu, na sijawahi kushindwa na fundo. Nikapiga magoti, nikajaribu kwa kamba ile ile, mara tatu, mara nne. Fundo lao silijui. Homa Bay nzima hakuna alijuaye, na Migori hakuna. Wa kulijua, kama wapo, wako kwao, na ndio hao alikataa kuwaandikia.

Nilimtukana Daktari palepale, mbele ya mamake, na sijutii. Kisha nikazishika zile nguo kwa mikono yote miwili zisifunguke zaidi, wageni wakitoka kwenda kula.