Kivinjari Kisichotambulika

Kudra aliwatengenezea wachimbaji wa Mwakitolyo tovuti ya kuombea msaada. Alipoiboresha, simu zenye vivinjari vya zamani zikawa zinakataliwa. Mchana mmoja aliona kivinjari kisichojulikana kikibisha hodi mfululizo, kila mara kikirudishwa na onyo: "Kivinjari chako hakitambuliki." Jina la mtumiaji lilikuwa la Maduhu, mmoja wa wachimbaji.

Akampigia mzee Masudi, msimamizi wa maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu.

"Shikamoo, Baba Chausiku. Maduhu amepatwa na nini?"

"Marahaba, mwanangu. Maduhu alifukiwa na duara mwaka jana. Hatukumpata yeye wala simu yake."

Hata hivyo, Kudra hakuweza kumfungia mlango mtu anayeomba msaada. Akatengeneza ukurasa mwepesi wa maandishi matupu, ambao kivinjari chochote kingeufungua. Papo hapo ujumbe ukaingia: "Watoeni watu kwenye duara jipya. Udongo unatembea huku."

Masudi aliposomewa, hakubisha. Aliwatoa wote, na wakiwa bado wanakung'uta vumbi, duara likatitia mbele ya macho yao.

Ukurasa ule Kudra hajaufunga mpaka leo. Kuujibu ule ujumbe ndiko kulikomshinda.