Moshi wa Bibi Magreth

Saa kumi na mbili jioni, Bibi Magreth wa Mamboya alibandika maharage kwenye jiko jipya lisilotoa moshi, akaandaa sahani mbili. Ya pili ilikuwa ya mumewe, Kornelio, aliyefariki miaka tisa iliyopita na ambaye hakuwahi kukosa chakula cha jioni. Kila jioni aliufuata moshi wa kuni za mkwaju kutoka makaburini, akapiga hodi, akala, akalalamika chumvi haitoshi, akarudi zake. Tangu mafiga yang'olewe, wiki ya tatu sasa, hakuwa ameonekana.

Jiko lilikuwa zuri, hilo halina ubishi. Macho ya bibi yaliacha kuwasha, na mzigo mmoja wa kuni ulimfikisha Jumapili. Lilitolewa bure na mradi wa nchi moja tajiri, kwa sharti kwamba kijiji kisiwashe mafiga kwa miaka kumi. Moshi ambao Mamboya haikuutoa, kiwanda cha huko kiliruhusiwa kuutoa. Bibi aliweka dole gumba bila kinyongo. Hakuna aliyemuuliza moshi wake ulikuwa na kazi gani nyingine.

Asubuhi Goodhope, afisa wa mradi, alifika na pikipiki kutoka Dumila.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu amepatikana. Yuko kule kwa wafadhili, kwenye geti la kiwanda. Anasema amefuata moshi wa nyumbani."

"Amekula?"

"Wamempa mkate. Kaomba chumvi."

Bibi alicheka, kisha machozi yakamtoka. Alimkumbuka Kornelio kwenye kigoda, anamenya muhogo, moshi umewazingira. Jioni zile zilikuwa tamu.

"Mrudisheni basi."

"Hana pasipoti, bibi. Wamemfungia na wenzake wasio na vibali."

"Na nikiwasha mafiga?"

"Mtanyang'anywa majiko kijiji kizima, na zahanati mnayojengewa na mradi itaishia kwenye msingi."

Bibi aliingia ndani, akatoka na sweta la Kornelio. Bado lilinuka moshi. Alilinusa kwanza, akalikunja.

"Mpelekee. Huko kuna baridi."

Goodhope alilipokea kwa mikono miwili. Kisha akatoa fomu, na mahali pa manufaa kwa jamii akaandika kwamba mwanafamilia mmoja amepata nafasi ya kwenda nje. Bibi akaweka dole gumba.

Jioni maharage yaliwahi kuiva, kama kawaida ya jiko lile. Aliandaa sahani mbili, akaongeza chumvi kwenye moja, akakaa kusubiri. Ilibaki miaka kumi kasoro wiki tatu.