Sakafu ya Ish Kante

Wewe unayenisikiliza, umewahi kumlisha kwa mkono wako mwenyewe mtu unayemngojea afe?

Ish Mukuy alifanya hivyo kiangazi kizima; Ish kwao ni kama Bi kwetu. Aliamka kabla ya batamzinga, akayatoa mahindi kwenye maji ya chokaa yalikolala, akayafikicha mpaka maganda yakatoka, kisha akapiga magoti mbele ya jiwe la kusagia. Unga wa mikate aliusaga kidogo. Unga wa uji wa mgonjwa aliurudia na kuurudia, kwa sababu mama mkwe wake, Ish Kante, alipokuta chembe moja ngumu aliitema, na hakuitema chini. Aliitema usoni kwa anayemlisha.

Kizee huyo alipigwa na ugonjwa siku ya kupalilia maharage. Upande wa kushoto ukafa wote, mkono na mguu, na jicho la upande huo likawa linatiririka maji bila kilio. Lakini ulimi haukuguswa. Majirani walisema ugonjwa uliuona ulimi ule, ukapita kando.

"Huu ni uji au maji ya kunawia?"

"Ni uji, mama."

"Kwenu ndivyo mnavyokunywa? Haya, sasa nimejua kwa nini mlikamatwa kama kwale. Hamkuwa na nguvu ya kukimbia."

Mukuy alifuta kidevu cha mkwewe kwa kitambaa cha pamba, polepole, asiache tone, akachota tena.

Ni kweli alikamatwa. Napuk, mtoto wa kiume wa kizee huyu, alimleta kutoka vitani na kamba shingoni, wakati watu wa mji wake, ule wenye vilima vyekundu, walipokwenda kuwapiga jirani zao kwa ajili ya maji. Napuk alikuwa mchoma chokaa. Alijua kupanga kuni za tanuri, alijua kulainisha sakafu kwa jiwe mpaka ikang'aa kama yai, na mabwana wa mjini walimwita awatandikie kumbi zao. Alimwoa Mukuy bila kumwuliza mama yake. Hilo ndilo jambo pekee la ushujaa alilolifanya nyumbani, na baada yake alikaa kimya kama mtu aliyemaliza akiba.

Kwao watu hawazikwi porini. Wenye nyumba hulala juu ya sakafu, waliotangulia hulala chini yake, na moshi wa jikoni huwafikia wote. Babu yake Napuk alikuwa chini ya kitanda cha fito, shangazi zake karibu na mlango. Aliye chini ya sakafu husikia habari za nyumbani na hushiba kwa harufu ya chakula. Aliyeachwa nje ana kiu, wala hajui ni wa nani. Na neno la nani aingie, nani asiingie, ni la mkubwa wa nyumba peke yake. Akishalitamka akafa nalo, hakuna aliyewahi kulipangua.

Mukuy alizaa mtoto wa kike. Alimwita Tsunun, yaani yule ndege mdogo anayenyonya maua akiwa hewani, maana mtoto hakutulia mikono. Homa ilimchukua kabla hajaota jino. Napuk alikwisha kunyanyua shoka la jiwe apasue sakafu, mama yake akaja akaketi palepale pa kupasuliwa. Akatandaza sketi yake, akaitisha pamba na kijiti cha kusokotea, akasokota uzi mpaka jua likazama.

"Chokaa ya mwanangu haifuniki takataka za vita," akasema.

Napuk akaliweka shoka chini.

Basi Mukuy alimtia mwanawe kwenye chungu cha kupikia, akakifunika kwa sahani, akakizika nyuma ya magogo ya nyuki, pale wanapomwaga majivu. Mbwa walipafukua, akapaweka mawe. Wakapafukua tena, akalala pale yeye mwenyewe, mpaka ardhi ikashikana.

Hilo tu ndilo alilolitaka duniani: kwamba siku Ish Kante atakapokufa na sakafu ikapasuliwa, kile chungu nacho kiingie. Na neno lilikuwa kwenye mdomo aliokuwa akiulisha.

Utasema, si angeomba? Aliwahi kuomba. Katika uchungu wa kuzaa aliomba maji, Ish Kante akaijaza kata, akaja nayo hadi usoni pake, akaimwagia miche ya pilipili. Aliomba abaki na nywele za mtoto, zikatiwa motoni mbele yake. Kwa mwanamke yule, kuomba kulikuwa ni kumwonyesha mahali pa kupiga. Kwa hiyo Mukuy alisaga, akalisha, akamgeuza mgonjwa asipate vidonda, akangoja.

Tena alingoja na kata mkononi. Aliishika mbali kidogo na mdomo, uji ukitoa mvuke, akatazama.

"Unangoja nini?"

"Upoe, mama."

"Umepoa zamani." Jicho zima la kizee lilimkagua kutoka juu hadi chini. "Una jambo wewe. Limekukaa kooni kama mfupa wa sungura. Litoe tucheke wote."

"Sina jambo, mama."

"Kichwa mviringo kama boga, na hata uongo hakijui kutunga. Kwenu hawakuwabana vichwa utotoni vikarefuka, mnakuwa hivi."

Wifi yake, Ish Kokai, alikuwa mlangoni akimenya parachichi. Aliolewa mtaa wa pili, akaja kila siku kumwona mama yake, yaani kula. Meno yake ya mbele yalikuwa yamechongwa na kutiwa vito vya kijani, kwa hiyo alicheka bila kufunika mdomo.

"Mwache, mama, atalia aharibu uji."

"Huyu halii. Nimejaribu."

Siku moja Mukuy alisaga pilipili kavu, ile ndogo, akaichanganya kwenye uji. Mdomo wa mgonjwa ulikuwa umejaa vidonda. Ish Kante alimeza funda la kwanza, uso ukajikaza upande mmoja, na machozi yakamtoka jicho lililo hai pia. Hakupiga kelele. Alipumua, akafungua mdomo tena, akanywa mpaka kata ikawa tupu.

"Leo umepika," akasema.

Tangu hapo hakumtemea tena, na Mukuy akaogopa zaidi kuliko alipokuwa akitemewa.

Mvua za kwanza zilipoanza kunukia, kizee akaagiza watoto wake waitwe. Napuk alikuja na chokaa mpaka kwenye kope. Kokai alikuja na mkate mkononi. Mukuy alikuwa akitaka kutoka, Ish Kante akamwambia, "Baki, boga. Linakuhusu."

Akawagawia mambo yake: vitambaa kwa Kokai, magogo ya nyuki kwa Napuk, ushanga wake wa jiwe la kijani utiwe mdomoni mwake pamoja na unga mbichi wa mahindi, asije akafika huko kinywa kitupu akawa mwombaji. Kisha akawatazama mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta kipande kinono chunguni.

"Na kile chungu cha nyuma ya nyuki. Kileteni ndani."

Mukuy alishika nguzo ya nyumba. Mdomo wake ulianza kutabasamu kabla yeye hajauruhusu, na Ish Kante alisubiri mpaka tabasamu likakamilika.

"Kiwekeni miguuni pangu. Kule niendako nitahitaji mtu wa kunisagia. Mateka huzaa mateka. Atapiga magoti, atajifunza. Jiwe la kusagia mliweke upande wake."

Kokai alicheka, halafu akaacha.

Jioni hiyo, kwenye ua, Napuk alimfuata mkewe akiwa na furaha kama mtu aliyeleta mawindo.

"Umesikia? Amekubali."

"Amekubali asage."

"Lakini ndani, Mukuy. Ndani ya nyumba."

"Mtoto hakuwahi hata kujua kukaa kitako, mume wangu. Atapigaje magoti?"

Napuk alikuna chokaa iliyokauka kwenye mkono wake. "Ni neno la mama," akasema. "Mimi nifanyeje?"

Ish Kante alikufa kesho yake mchana, watu wakiwa wanapukuchua maharage ya mbegu. Alikufa akiangalia mlango, bila shukrani kwa mtu.

Napuk akapasua sakafu aliyoilainisha mwenyewe. Akachimba, akaacha upande wa miguuni kijishimo cha kukaa chungu, akaenda nyuma ya magogo ya nyuki akakileta. Kilikuwa chepesi mno. Alikiweka ukingoni, akaenda kunawa.

Ndani, mawifi wale wawili walimwosha maiti. Kokai alifungua fundo la kitambaa, akauweka ushanga kwenye sahani karibu na unga mbichi ambao Mukuy alikuwa akiukanda, akageuka kuchukua poda nyekundu ya kumpaka marehemu. Alipogeuka tena, sahani ilikuwa na unga tu.

"Ushanga uko wapi?"

Mukuy akatikisa kichwa.

Wakakung'uta shuka. Wakainua mkeka. Kokai akapapasa sakafu kwa viganja, akitukana kwa sauti ndogo kwa heshima ya maiti. Napuk aliingia, akaulizwa kama ameuona, akasema batamzinga alikuwa humu ndani sasa hivi, hula kila kinachong'aa. Wakamkimbiza batamzinga uwanjani, wakamkamata, Napuk akamnyonga, akampasua firigisi kwa kisu cha jiwe. Changarawe, punje za mahindi, kipande cha chungu. Wakamfuata wa pili. Manyoya yaliruka mpaka kwenye shimo.

Mukuy alikaa kando ya maiti, mikono yenye unga magotini. Alikuwa akigusa taya la mkwewe mara kwa mara. Lilikuwa linaanza kuwa gumu.

"Taya litakakamaa, halitafunguka tena," Kokai akasema, mikono imejaa damu ya ndege, na sasa alikuwa analia kweli. "Atafika huko kinywa kitupu. Mama yangu, akinge mkono kwa watu. Wifi, nawe umekaa tu? Huongei? Huo mdomo umepewa wa nini?"

Ndipo Mukuy alipoingiza vidole mdomoni mwake mwenyewe, chini ya ulimi, akautoa ushanga. Ulikuwa wa kijani, umelowa mate, mkubwa kama punje mbili za mahindi.

Kokai alimrukia. Mukuy akaurudisha kati ya meno, akainua kidevu, ili waone koo lake liko tayari. Napuk akamshika dada yake kiunoni.

"Atameza," akasema. "Kokai, tulia. Atameza."

"Mpasue yeye kama batamzinga!"

"Tulia nimekwambia."

Mukuy aliutoa ushanga tena, akaufumbata kiganjani. Alimtazama mumewe, mtu ambaye sasa ndiye mkubwa wa nyumba, ijapokuwa hakuwa amejijua bado. Manyoya ya batamzinga yalikuwa yamemganda Napuk mikononi, juu ya chokaa.

"Sema basi," Napuk akamwambia. "Unataka nini?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo katika nyumba ile.

"Baba Tsunun," Mukuy akasema. "Nataka mwanangu awe kifuani pake, si miguuni. Mkono wake uliokufa umkumbatie. Huo mzima ufungieni jiwe la kusagia, mlifunge kwa kamba ile mliyonileta nayo mimi, isifunguke. Bibi ndiye amsagie mjukuu wake."